Kwenda Lima kwa Kupitia Musoma

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshakata tiketi. Lima, Peru, siku nne! Naondoka Jumanne ya tarehe 19. Hakuna mwanakwaya hata mmoja wa kanisa letu hapa Takoma Park, Marekani, aliyewahi kukanyaga Amerika Kusini. Silvanus alikwenda Paris mara moja, mwaka juzi, na mpaka leo hawezi kuimba besi bila kwanza kuitaja Paris. Sasa atanikoma. Nitapiga picha juu ya yale majabali ya Miraflores, bahari ya Pasifiki nyuma yangu, miwani ya jua usoni.

Tatizo dogo. Miezi mitatu nimekwepa vikao vya kamati ya harusi ya Anna, mdogo wake Ghati, kwa kusema kazi ya kutunza wazee hainipi nafasi hata ya kulala. Mtu wa namna hiyo haendi kutalii. Kwa hiyo leo baada ya ibada nimetangaza kwamba naenda Tanzania mara moja, mambo ya kifamilia. Ukisema mambo ya kifamilia hakuna anayekuhoji. Najipongeza.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilisahau kitu kimoja. Watu wetu hawahoji, wanaleta mizigo.

Kufikia jioni nimepokea dawa za presha za mama wa mtu, raba jozi sita, blenda, simu mbili na miwani ya kusomea ya kaka yake mchungaji. Nimewaambia begi limejaa. Kila mmoja amenijibu kwamba chake ni kidogo tu, hata hakitaonekana. Masanduku mawili sasa hayafungi. Mimi mwenyewe nitasafiri na kimkoba cha mgongoni.

Jumatano, 13 Agosti

Ghati amekuja na gauni la harusi.

Ghati ni katibu wa kwaya, na kama nikisema ukweli humu ndani, ndiye sababu sijawahi kukosa mazoezi. Anna anaolewa Musoma Jumamosi ya tarehe 23. Ghati hawezi kwenda, makaratasi yake bado, akitoka Marekani hatarudi. Shanga zote za pindo amezishona mwenyewe kila akitoka kazini, miezi miwili. Amesema, “Kaka Lusekelo, mimi siendi, basi walau kazi ya mikono yangu ifike. Kwa hili si-trust mtu mwingine.”

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikamwambia ahesabu limefika.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi, Landover, kwenye ghala la watu wanaosafirisha kontena. Gauni litafika baada ya miezi miwili. Mchana, ofisi ya vifurushi vya haraka. Dada wa kaunta amesema kufika Musoma kabla ya Jumamosi hawezi kuniahidi, huenda likakwama forodhani. Nikamuuliza kama anaweza kuahidi nusunusu. Hakucheka.

Jioni nimemwambia Laure, Mkongo tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee pale Riverdale Park. Alicheka mpaka bibi tunayemlisha akaacha kula. “Mon frère, ndugu yangu, umejitafutia mwenyewe,” akasema. Kisha akaongeza kwamba Lima mwezi wa nane ni brouillard tupu, ukungu asubuhi mpaka jioni, binamu yake alikaa wiki nzima bila kuona jua. Wivu. Nimefungasha kaptura tatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Gauni limetundikwa nyuma ya mlango wangu. Leo nimelishika pindo. Shanga ndogo mno, na mahali pamoja zimepinda kidogo, nadhani ni siku aliyokuwa amechoka. Nimeona aibu kwelikweli. Nimechukua simu nimpigie Ghati, nimwambie kila kitu.

Tiketi hairudishwi wala haibadilishwi. Nimeweka simu chini.

Mpango mpya: kesho nitawahi uwanja wa Dulles, nitasimama kwenye foleni ya ndege inayopitia Addis Ababa, nitafute Mtanzania mwenye uso wa kuaminika.

Jumanne, 19 Agosti, Dulles

Wenye nyuso za kuaminika hawamwamini mtu. Watatu wamenikatalia. Wa nne, mama mmoja wa makamo, ameuliza ndani ya gauni kuna nini, kisha akaanza kumtafuta mlinzi kwa macho. Nimehama foleni na masanduku yangu.

Ndipo nikaona mgongo ninaoujua. Silvanus! Silvanus aliyewaaga wanakwaya wote Jumapili kwamba anakwenda Miami kupunga upepo. Amesimama kwenye foleni ya Addis Ababa na kibegi kimoja chepesi, kofia imeshushwa mpaka puani.

Alikuwa anakwenda kwao Mwanza kumwona mama yake. Amenisihi nisimseme. Eti mtu akitaja Tanzania pale kanisani anageuzwa lori. Nimemtazama, nikatazama masanduku yangu, nikamwambia Mungu ni mwema. Tumekubaliana: abebe vyote, gauni alifikishe Musoma kwa mkono wake, aseme nimemkabidhi mjini Mwanza. Mimi, kwa upande wangu, habari ya Miami siijui. Alisaini fomu za mizigo kwa uchungu mkubwa.

Alhamisi, 21 Agosti, Lima

Ukungu. Nimepiga picha arobaini Miraflores, zote ni mimi na kitu kama ukuta mweupe. Magoti yamekufa ganzi ndani ya kaptura. Jana jioni nimezunguka nikitafuta seviche, wale samaki wabichi wa ndimu, mpaka mwenye mgahawa akanieleza kwa mikono kwamba ni chakula cha mchana. Nimekula kuku.

Jumamosi, 23 Agosti, Lima

Saa mbili asubuhi hapa, saa kumi jioni Musoma. Video imeingia. Anna ndani ya gauni, limemkaa utadhani alizaliwa nalo. Nimelia kidogo, peke yangu juu ya jabali. Kisha kamera imegeuka. Silvanus yuko meza ya mbele, ana shada shingoni, mshereheshaji anamtambulisha kuwa ndiye aliyeliokoa gauni Dulles kutoka kwa mtu aliyekuwa anahangaika nalo. Msaliti.

Ghati akapiga simu papo hapo. Sauti imekauka kwa kilio cha furaha. Amenishukuru mara tatu. Kisha akauliza kwa upole, “Kwani wewe uko wapi? Niambie tu, kaka. Hata kama ulikwenda kupumzika, sitakasirika. Najua unavyochoka.”

Mlango gani mwingine mtu angefunguliwa? Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Nikasema niko Mbeya. Nilipata ndege nyingine, mambo ya kifamilia.

Amefurahi sana. Akasema kumbe Mbeya, basi nisirudi bila mchele wa Kyela, ameutamani miaka sita.

Nimemuuliza kilo ngapi.