Baraka Iliyonguruma

Jamaa zangu mlioko Kericho, leo wazee wameketi kwa heshima na kuitikia baraka za mota. Mota ya kinasa sauti changu! Natamani ardhi ya kwetu Mogogosiek inimeze, na majani chai yapandwe juu yangu.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita jirani yetu, Mzee arap Tonui, alizidiwa na ugonjwa. Kitinda mimba wake, Kipkemoi, alikuwa mbali kazini, naye alitaka kuoa. Huku kwetu hupeleki posa bila baraka za baba. Mzee akaniita. "Wewe fundi wa redio, shika maneno yangu kwa hiyo mashine. Pengine kijana hatanikuta."

Hakumkuta.

Mashine niliiunda mwenyewe. Nilichora njia za umeme kwenye bodi, nikachoma shaba iliyobaki kwa dawa, nikajisifu soko zima. Dukani niliijaribu maikrofoni kwa betri yake na mota ya kuzungusha tepu kwa betri yake. Sauti safi! Lakini kwa mzee nilibeba betri moja ya gari, na umeme wa vyote viwili ukarudi kwenye betri kwa njia moja nyembamba ya shaba. Ni sawa na kunywesha ng'ombe mtoni, kisha uteke maji ya kunywa hapo chini. Kila mota ilipovuta umeme, uchafu wake uliingia kwenye sauti. Nami sikurudisha tepu kusikiliza. Mzee alikuwa amechoka, nikaona haya kumsumbua.

Leo mchana wazee wamekaa, mama mjane amefunga kitambaa cha kanisa, Kipkemoi amepiga magoti. Nikabonyeza.

Nguuuuu.

Nikaongeza sauti. (Msiniulize kwa nini.) NGUUUUU! Mbwa akatoka nje. Ndani kabisa, kama mtu aliyefunikwa na magunia, alikuwamo mzee.

"Fundi," Kipkemoi akasema bila kuinua kichwa, "huyo ni baba ama ni mashine ya posho?"

"Ni baba," nikajibu. "Yuko nyuma ya mashine."

Ndugu wa marehemu, ambaye masikio yake yamechoka, hakuona shida yoyote. Kila mngurumo uliposhuka, aliitikia kwa nguvu. Wengine wakamfuata. Nani atanyamaza baba akibariki?

Mama mjane hakuitikia. Alisogea, akaweka sikio kwenye spika. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Hapo amekohoa. Ni yeye."



Kisha wazee wakagawanyika. "Baraka ni ya aliyeitoa, hata kama haikusikika," mmoja akasema. "Na kama alikuwa anakataa?" mwingine akauliza. "Tumeitikia nini sisi?" Wakanigeukia nisafishe sauti. Nikawaambia haisafishiki tena.

Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Kericho, nisisikie.

Watu wa msichana wanawangoja Jumamosi. Nilipoondoka wazee walikuwa hawajakubaliana, na Kipkemoi alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia ainuke.