Mnara Usioitikia Salamu

Garissa, Machi 1999

Kwa Bwana Meneja wa Minara ya Simu, Nairobi.

Assalaam aleikum. Mimi ni Billow Keinan, dalali wa ngamia katika soko la Garissa. Nimemposa Sirad, binti wa Mzee Alio. Mzee yuko Nairobi na ameahidi kunijibu Ijumaa. Nilinunua simu ya mkononi huko Nairobi ili nilisikie jibu hilo peke yangu, si katika chumba cha taar, ile redio ya upepo ambayo msemaji hubonyeza kitufe, wa upande wa pili hawezi kusema mpaka kiachiwe, na mji mzima husikia. Kwa heshima, nalalamika hivi:

1. Muuzaji alinieleza kwamba simu haiingii hewani kwa nguvu. Kwanza husikiliza sauti ya mnara, kisha hubisha hodi kwa neno fupi, halafu hungoja kupewa nafasi. Nilifurahi, kwani hata sisi hatuingizi ngamia kisimani kabla ya kukaribishwa. Lakini tangu nirudi Garissa simu inasikiliza tu, na hakuna mnara unaosema lolote.

2. Eti simu mbili zikibisha pamoja, zote hurudi nyuma na kungoja kwa kubahatisha. Kisimani kuna mzee wa zamu. Naomba aajiriwe mmoja juu ya mnara. Mjomba wangu, Abti Maow, ana macho mazuri, ila magoti hayapandi. Mnara ushushwe kidogo.

3. Kama mnaogopa wageni, nimesimama sokoni nikaitajia simu majina ya babu zangu wote. Ngamia walisikiliza. Watu wameanza kuniuliza hali yangu.

4. Basi tuleteeni mnara wa kukunjwa, maana mvua ikinyesha Wajir sisi huhama. Ngamia wa kuubeba nitamtoa mimi. Nampenda Sirad, bwana, nalala nimeikumbatia simu. Nikimkosa, wazee wetu watakuja kuketi ofisini mwako mpaka tupatane.

Wasalimie mafundi wapandao minara, na askari wa lango la ofisi yako aliyenifukuza nilipokuja Nairobi.

Wako mwenye kungoja hewani,
Billow Keinan

Baada ya sahihi: Usilete mnara. Mzee Alio alichoka kuitafuta simu yangu, akaja hewani kwa taar. Alianza kwa adabu, akasema “binti ni wenu,” akaachia kitufe avute pumzi kabla ya kufika kwenye “lakini”. Osob, mwenye redio, akabonyeza kitufe cha upande wetu, chumba kizima kikasoma Fatiha ya kufunga posa, na mpaka sasa Osob hajakiachia. Kwa simu yako, mzee angemaliza sentensi.