Jalada la Mgongo wa Mke

Jumatatu, 3 Machi

Mke ameamka ameshika kiuno kama mtu aliyebeba kabati usiku kucha. Mwezi wa pili huu. Anashona sare za wauguzi, arobaini kwa jumla, na zinatakiwa mwisho wa mwezi. Akikaa saa moja kwenye cherehani, analala nusu saa. Leo amesema anataka masaji. Lakini mahali pa kuaminika, si pale ambapo mtu anaingia na mgongo anatoka na aibu.

Nikamwambia niachie mimi. Sijui kwa nini huwa nasema hivyo. Maneno hayo hayo yametuletea paa linalovuja na mbwa asiyebweka.

Akasema sawa, mpaka Jumamosi. Nikishindwa atamwomba kaka yake. Kaka yake ni mwalimu wa udereva, na hakuna asichokijua. Siku ya harusi yangu bomba la jikoni lilipasuka, shemeji huyo akalitengeneza akiwa amevaa suti. Suti haikulowa. Sijamsamehe mpaka leo.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni majalada: kuyafungua, kuyahamisha, kuyatafuta na kutoyaona. Kwa hiyo nimefungua jalada jipya, MGONGO WA MKE. Ukurasa wa kwanza nimeweka msimamo wa lugha. Watu wote wanasema masaji, masaji. Kiswahili kina neno lake, nalo ni kukanda. Uchunguzi huu utafanyika kwa Kiswahili.

Mke amenikumbusha pia kile kiti anachoshonea, ambacho mguu mmoja ni mfupi. Mwaka juzi nilikiwekea jalada kuukuu chini ya ule mguu, kwa muda tu. Nikamwambia mambo huenda moja moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimebuni mtihani wa uaminifu. Ni rahisi. Nina kalamu ya chuma niliyopewa kazini baada ya miaka kumi ya utumishi. Naingia mahali, naidondosha pale mapokezi kana kwamba sijui, natoka. Wakinikimbiza kunirudishia, ni waaminifu. Nilijiona nina akili mno. Hiyo peke yake ingetosha kunionya.

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naenda kutafuta jalada. Nimeingia spa ya kwanza saa nne asubuhi. Taa nyekundu mchana kweupe, na pazia zito kama blanketi. Dada wa mapokezi akaniuliza kama nataka huduma ya kawaida au ya siri. Nikamjibu kwa fahari kwamba natoka masjala, mambo ya siri ndiyo mkate wangu. Akatabasamu, akanifungulia pazia.

Sitaandika nilichokiona. Jalada hili linaweza kusomwa na watu. Nilitoka mbio hata mtihani nikausahau, na kalamu nikaiacha juu ya meza.

Nje, mbele kabisa ya mlango, gari la mafunzo ya udereva limezimika. Mwanafunzi anahangaika na klachi. Pembeni yake ameketi shemeji. Hana haraka, gari haliendi popote. Akanitazama mimi, akaitazama ile taa, akanipungia mkono taratibu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji alipiga simu jana kabla sijavua viatu.

Mke hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu, kama taa ilikuwa nyekundu. Nikasema ilielekea elekea wekundu. Akarudi kwenye cherehani, na tangu hapo cherehani inakwenda kasi kuliko ninavyopenda. Ugomvi ningeuweza. Kimya chake kinaniuma. Amekaa amepinda upande, anashona na maumivu yake, na mimi niliyesema aniachie nimempa jambo la pili la kumuumiza.

Kwa hiyo sina budi. Lazima nipate mahali safi ambapo hata shemeji akipita na wanafunzi wake wote hataona la kusema.

Leo spa ya pili. Kalamu sina, nikadondosha funguo. Dada wa mapokezi akaniokotea. Nikadhani ni bahati, nikadondosha tena. Akaokota tena. Mara ya tatu alinikalisha, akaniletea maji, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu anayeweza kuja kunichukua. Watu waaminifu kabisa. Nikaomba nafasi ya Jumamosi. Akasema wamejaa mpaka mwezi ujao, kwa sababu watu wote wanajua kwamba ni waaminifu.

Nimeandika jaladani: uaminifu una foleni.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamenyooka! Jibu nimelipata kwa kinyozi wangu. Nilimuuliza, mashine ikivuma sikioni, ni wapi wanakanda vizuri na kwa uaminifu. Hata hakufikiri. Akasema ni kwa Mama Mikono, nyuma ya posta. Miaka ishirini anakanda mwenyewe kwa mikono yake, mashine hazitaki. Pasafi, watu wanapanga mstari tangu alfajiri, na wakitoka huwaoni wamenuna. Kinyozi mwenyewe hupita pale kila asubuhi kabla ya kazi. Kila asubuhi. Nikamtazama mgongo wake, umenyooka kama rula.

Akanipa namba. Nikapiga papo hapo, nikasema nataka mnikandie, ni kwa ajili ya mke wangu, iwe tayari Jumamosi. Mama Mikono alijibu kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. Akauliza kilo ngapi.

Nikashtuka kidogo. Lakini bila shaka ni lazima wajue uzito ili wapime mafuta. Mke sijawahi kumuuliza kilo zake, nataka kuishi. Nikasema themanini, nimeongeza kidogo kwa usalama. Mama Mikono akaguna kwa heshima, akasema hiyo si kazi ndogo. Akauliza siagi au mafuta. Nikasema mafuta. Laini au mgumu? Nikasema sasa hivi ni mgumu mno, tunautaka laini. Akasema nisiwe na wasiwasi. Wakishaukanda wanaufunika kwa kitambaa chenye unyevu, wanauacha saa nzima mahali penye joto, kisha wanaukanda mara ya pili.

Mara ya pili! Huo ndio utaalamu. Nilimwambia mke asubiri tu, ataona. Akasema hicho ndicho anachokiogopa. Kesho natangulia peke yangu na taulo, nijaribiwe mimi kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itafuata.

Nilifika saa moja asubuhi. Mzee aliyevaa aproni nyeupe alinionyesha sinki, akaniambia ninawe mpaka viwiko. Nikaona usafi si wa mchezo hapa. Ndani kulikuwa na joto zuri. Katikati meza ndefu ya mbao, imenyunyizwa unga mweupe. Nikajua ni poda ya mwili. Nikavua shati, nikatandika taulo, nikapanda mezani, nikalala, nikafumba macho.

  Nikasikia hatua za viatu, na sauti ya Mama Mikono ikitaka kujua mtu huyu anafanya nini juu ya meza yake ya mikate.

Nilifumbua jicho moja. Niliona tanuri. Niliona magunia ya unga. Nikaona mapipa matatu yamefunikwa kwa vitambaa vyenye unyevu, mahali penye joto. Hapo ndipo nilipoelewa. Ukandwe, ufunikwe, uachwe. Mimi nilikuwa nasikia mgongo, mwenzangu alikuwa anasema unga. Na Kiswahili nilikuwa nimekitaka mwenyewe.

Mtu mwenye akili angesema nimekosea, mama, nisamehe. Mimi nikasema napima uimara wa meza.

Mama Mikono akaniambia kwamba kumbe ndiye mimi mwenye kilo themanini. Akasema nimekuja wakati mzuri, maana kwa ajili ya oda yangu watu wake wawili wamechoka tangu alfajiri, na kwa kuwa shati nimeshavua na mikono nimeshanawa, nisogee. Sikuweza kukataa. Nilikanda kwa saa tatu. Unga una roho mbaya. Unausukuma, unarudi. Saa ya pili kitu kilisema ta! kiunoni, na tangu hapo sijasimama wima.

Mwishowe nilikiri. Mama Mikono alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaonyesha utu, akasema mikate itakwenda madukani, haitaharibika, ila ishirini nibebe mimi ili nisisahau. Nikasema sitasahau. Akasema nibebe tu.

Nani apite nje wakati huo? Gari la mafunzo. Shemeji alinilaza kiti cha nyuma pamoja na mikate bila kuuliza neno. Lakini Mama Mikono alitoka mpaka dirishani, akamwomba amsalimie yule mke wa kilo themanini. Gari lilizimika mara tisa njiani, na kila lilipozimika shemeji alirudia polepole: themanini.

Jumamosi, 8 Machi

Salamu zimefika. Mke aliniuliza hizo kilo nilizipimia wapi. Nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi muuguzi mmoja alikuja kujaribu sare yake. Alipewa mikate kumi apeleke wodini. Mlangoni akamuuliza mke wangu kama ameshakwenda kwa yule mkandaji aliyemwelekeza Jumatatu.

Jumatatu. Nilitaka kuruka kitandani, mgongo ukakataa.

Mchana tulikwenda wote wawili, tumeshikana, wote tumepinda, yeye kushoto mimi kulia. Ni chumba kimoja kando ya zahanati. Dirisha wazi, shuka safi, cheti ukutani. Mkandaji, mama wa makamo, alinawa mikono, kisha akauliza maswali mengi kabla ya kumgusa mtu. Hakuna kalamu wala funguo zilizohitajika.

Nilikaa kwenye benchi nyuma ya pazia nikisubiri zamu yangu. Nikamuuliza mke kwa nini hakuniambia tangu Jumatatu. Akajibu kwamba miaka kumi hajaniona nikimhangaikia hivi, akaona acha aufaidi uhangaikaji huo siku mbili tatu. Akasema ile taa tu ndiyo hakuifaidi.  Nikakisoma cheti cha ukutani mara tatu, na sikuona hata neno.

Kisha mkandaji akamuuliza anakalia kiti gani anaposhona. Mke akaeleza. Mkandaji akasema anaweza kumkanda kila wiki mpaka wazeeke wote wawili, lakini kiti kikibaki vile ni kutwanga maji kwenye kinu. Kipande cha ubao na misumari miwili, alisema. Kazi ya dakika kumi.

 Nilijua anatazama upande wangu, hata kama pazia lilikuwa katikati yetu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mwepesi. Mke naye alilala usiku mzima, wa kwanza baada ya miezi miwili. Nilimsikiliza anavyopumua, nikafurahi kweli, nikaapa moyoni kiti kile nakishughulikia leo leo.

Saa tatu shemeji akabisha hodi. Nyundo mkononi, misumari mdomoni, kipande cha ubao kwapani. Nikasimama mlangoni, wima kadiri nilivyoweza, nikamwambia ahsante, niachie mimi. Nyuma yangu nilimsikia mke akivuta pumzi ndefu.

Jambo hili si la kukurupukia. Kiti ni kitu nyeti, nimeshaona madhara yake. Kinahitaji seremala, na si seremala yeyote, bali mwaminifu. Nitawazungukia mmoja mmoja. Nimeshabuni na mtihani: nadondosha rula.

Tatizo ni jalada. Yote mapya yako ofisini, na leo Jumapili. Nimetafuta kabatini, nimetafuta uvunguni. Mwisho nimeliona moja, kuukuu lakini bado imara, chini ya mguu wa kiti cha mke. Nimelichomoa taratibu, nimelifuta vumbi, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: SEREMALA MWAMINIFU.

Mke amekaa kushona. Anasema kiti kimezidi kuinama. Nimemwambia ni kwa muda tu.