Kwetu ni Jabalini

Jumatano, 12 Novemba

Kesho safari! Magari matatu, watu kumi na kitu, sote wazee wetu walirudi Omani kutoka Unguja na bara. Tunapanda jabali kutembelea vijiji. Nimeipanga mimi. Wenzangu wanadhani ni matembezi. Mie nnamtaka Mazoon, na mamake, Bi Khole, keshasema mbele za watu kuwa hamwozi mwanawe mtu asiyejua kwao. Basi nitamwonyesha kwetu! Kijiji nimekichagua kwenye simu. Kina makomamanga mazuri. Mama ananambia kwetu ni Malindi, Unguja, na kabla ya hapo hakuna ajuaye. Nimemwomba asiwaambie watu.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumekutana Rusayl, alfajiri. Yaqoob, naye anayemtaka Mazoon, kaja na gari jipya, na Bi Khole kapanda humo kwa ajili ya mgongo wake. Njiani akamuuliza Yaqoob kwao wapi. Akajibu Tabora, bila haya. Maskini, kajimaliza mwenyewe.

Adhuhuri tuko kijijini. Mkubwa wao, Mzee Saeed, katupokea kwa kahawa na tende, akauliza khabari. Nikamjibu kwa sauti, Bi Khole asikie: mie mjukuu wa nyumba ile ya juu, babu alikwenda Unguja asirudi. Mzee kanikumbatia, analia. Kumbe kweli yuko mtu wa nyumba ile alikwenda Unguja asirudi! Bi Khole naye kafuta machozi. Hii ndiyo akili.

Ijumaa, 14 Novemba

Akili gani! Kumbe mgeni hukirimiwa, wa kwao hutumika. Yaqoob kakalishwa kwenye zulia, kapewa nyama ya mbuzi. Mie nimepewa sepetu. Falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, umeziba kwa kifusi cha mvua, na kila nyumba hutoa mtu wake. Kwa upande wa babu nyumba ile haijatoa mtu tangu aondoke. Walinikumbusha kwa furaha kubwa. Viganja vimechubuka, mgongo haunyooki, na nyama nimeikuta mifupa.

Lakini Bi Khole alikuwa akinitazama. Nimemsikia akimwambia Mazoon, "Huyu ana kwao." Nikachimba mpaka Magharibi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwisha. Tukiaga, Bi Khole mwenyewe kamdokeza Mzee Saeed habari ya posa, maana ndiye mkubwa wangu sasa. Mzee kashangaa. Kasema nyumba ya juu ina binti, Wadha, mwalimu, na mie ndiye mwana wa ami yake. Hapa mtu huoa binti ami kwanza. Nikamwangalia Bi Khole nikitaraji atanitetea. Kainamisha kichwa.

"Mie si mwanamke wa kupora mume wa watu," akasema.

Ningesema ukweli pale pale. Lakini mbele ya Yaqoob?  Wadha kaitwa, na kwa adabu zote kajibu atafikiri mpaka baada ya Ramadhani.

Jumanne, 18 Novemba

Yaqoob kaposa, kakubaliwa. Bi Khole kamwambia Mama kuwa kijana yule angalau anajua kwao. Tabora!

Mazoon kaniandikia kwenye simu: "Mie ningekukubali hata ungekuwa wa Malindi tu." Nimeusoma ujumbe mpaka simu ikaisha chaji. Nimelia, sifichi. Mama akasema njia ya mwongo fupi, ningekwenda nikasema namtaka, basi. Hawajui mambo, wote wawili. Mwanamume haendi kuposa mikono mitupu.

Kwa hiyo jioni nimekwenda Qurum kwa Bi Shaikha, mjane, mwenye binti aitwaye Lamya. Yeye hana habari na kabila wala kijiji. Anataka mtu wa dini. Nimemwambia nimehifadhi msahafu mzima. Kafurahi mno! Ijumaa ana khitma ya marehemu mumewe, mashekhe watajaa, na kashawaambia wote kuwa atakayesoma ni mimi. Yasini naijua nusu.