Boksi Lililochemka kwa Mama Fotokopi

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponunua bisibisi, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, likabaki. Alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika kama wengine wanavyoshika dini: kompyuta haifunguliwi mbele ya mwenyewe. Mteja akiona ndani kuna vumbi tu, atachukua brashi ajitibie, na fundi atakula nini?

Asubuhi hiyo alikuwa akipita nje ya duka la kuchapa na kutoa nakala, akamsikia mwenye duka, Mama Fotokopi, akilalamika kwa sauti kwamba kompyuta yake mpya inachemka mpaka inajizima. Injinia akarudi nyuma hatua tatu. Riziki ikikuita, huipiti kama huijui.

"Shikamoo, mama. Nimesikia kuna mgonjwa."

"Marahaba. Huyo hapo chini ya meza. Mguse ubavu."

Akaweka kiganja, akakiondoa upesi. Bati lilikuwa la moto kweli. Akainama, akatega sikio, akafumba macho, kisha akatikisa kichwa taratibu kama anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa marehemu.

"Prosesa," akasema. "Ubongo wenyewe umechoka. Hii ni ya kulazwa, mama."

"Ukiilaza, mimi nitafanyia nini kazi?"

"Nitakuachia nyingine uazime. Mimi si mtu wa kumwacha mzazi akihangaika."

Mpango wake ulikuwa rahisi: aende nayo, anyofoe viungo vizima, apachike vya kuokoteza, arudishe. Shida ni kwamba kompyuta pekee ya kuazimisha ilikuwa ya mkewe, mwalimu, na ndani yake mlikuwa na mitihani ya shule nzima, ambayo ilitakiwa kesho asubuhi. Mkewe alikwisha kumwambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba siku atakayoigusa tena kompyuta ile, ahame na godoro lake. Lakini mwalimu hurudi saa nane mchana. Saa nane ilikuwa mbali.

Alipoileta ile ya mkewe, Mama Fotokopi akamsogezea karatasi.

"Niandikie hali ya mgonjwa wangu, baba. Nimeshaumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka."

Injinia akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *Nimeifungua na kuikagua. Ndani kila kitu kipo. Kasoro ni prosesa.* Akatia sahihi, akaipigia na mstari. Boksi la kompyuta ya Mama lilikuwa zito, na uzito ule ulimfurahisha njia nzima.

Nyumbani akafunga mlango na kulifungua. Ndani mlikuwa na matofali mawili, na kati yake pasi ya umeme iliyofungwa kwa waya. Kwanza alidhani labda ni toleo jipya.

Kisha akakimbia nalo dukani.

"Mama, hii si kompyuta! Ni pasi!"

Mama Fotokopi akavaa miwani, akaitoa karatasi na kuwasomea wateja waliokuwa kwenye foleni. "'Ndani kila kitu kipo.' Mwandiko si wako?"

"Ni wangu, ila..."

"Ila hukufungua? Au ulifungua, ukavila vya ndani?"

Foleni nzima ikageuka kumsikiliza. Injinia akayapima majibu yote mawili. La kwanza lilimfanya mwongo, la pili mwizi, na hakuona la tatu.

"Mwenzako wa mwaka jana alivinyofoa vyote, akaniachia bati," Mama akasema kwa upole. "Nikalitunza, nikimngoja mwingine kama yeye. Sasa hapa nina kompyuta sita zinazochemka kweli. Zisafishe, upewe yako."

"Mama, ikifika saa nane mimi sina nyumba."

"Basi usizungumze, sugua."

Akapiga magoti. Feni zilikuwa zimevaa vumbi nene kama blanketi. Akalikwangua, akafuta, akapaka dawa ya kupozea prosesa, akafunga. Ya kwanza ikawaka na kutulia, baridi kabisa. Ya pili vilevile. Aliona aibu jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi, na aliogopa jinsi saa ilivyokuwa ikienda.

Saa nane na nusu alisikia sauti anayoijua.

"Samahani, mama, naomba nichapiwe mitihani upya. Kompyuta yangu siioni nyumbani."

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapa kwenye hii ya kuazima."

Kiti kikavutwa. Chini ya meza, Injinia aliviona viatu vya mkewe vikitulia, kisha vikigeuka upande wake. Mwalimu akainama. Wakatazamana, yeye na mumewe aliyeshika brashi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Unamfahamu fundi wangu?" Mama Fotokopi akauliza.

Mwalimu akainuka.

"Fundi simfahamu," akasema. "Kompyuta ndiyo naifahamu. Ni yangu, na mitihani yangu imo."

"Kama ni yako, chukua, mwanangu. Mimi deni langu liko chini ya meza."

Mwalimu akachomoa waya moja moja, akalikumbatia boksi lake. Mlangoni akasimama.

"Mama, huyo amebakiza ngapi?"

"Nne."

"Akimaliza, mtafutie nyingine za kusafisha," Mwalimu akasema. "Hana haraka. Godoro lake nitalileta hapa jioni."