Eustace Hafiki Mabenchi ya Nyuma

Eustace alikuja kununua kilo moja ya mchele, akamkuta muuzaji, mama Immaculata, amesimama juu ya gunia, kishikwambi amekiinua mpaka karibu na bati, anatafuta mtandao. Mtu mwingine angemwonea huruma yule mama. Eustace alisahau mchele.

Tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe hatausema: Eustace hakuwa injinia. Aliwahi kubeba nyaya za mafundi waliokuwa wanasimika mnara njia ya Inyonga, wakampa kofia ngumu, na kazi ilipoisha akaondoka na kofia pamoja na cheo. Kwa cheo hicho alikula Sumbawanga mpaka Sumbawanga ikamchoka, akahamia Tabora, na Tabora aliondoka kwa kupitia dirishani. Ikabaki Mpanda. Na hapa Mpanda alikuwa na haja ambayo, tukiweka utani pembeni, ilikuwa ya heshima kabisa: alitaka kupanga fremu ya duka ya mzee Manyanda pale Majengo, yenye kaunta ya mbao na nafasi ya kuandika jina juu ya mlango. Alikuwa amechoka kuzunguka na begi mgongoni. Alitaka jina lake liandikwe mahali, watu wamfuate yeye badala ya yeye kuwafuata watu. Mzee Manyanda alikubali kumshikia fremu hadi Jumapili baada ya misa. Hela isipoonekana, fremu ingeenda kwa fundi cherehani mmoja ambaye yake ilikuwa tayari.

Chumbani kwake Ilembo, Eustace alikuwa na boksi zima la rauta, zile za kuweka laini ya simu zikamwaga waifai nyumba nzima. Zilitoka kwenye gesti iliyofungwa, naye alizichukua kwa bei ya chuma chakavu, akazisugua kwa dawa ya meno na kuzivisha nailoni. Zilikuwa za zamani, waifai namba nne, wakati madukani sasa wanauza namba sita. Muuzaji wa kawaida angeziuza rahisi kwa sababu ya uzee wao. Eustace aliamua kuziuza ghali kwa sababu hiyo hiyo.

"Mama, shuka kwanza, utaanguka," alisema, akatoa kofia ngumu kwenye begi na kuivaa. "Injinia Eustace, wa mitandao."

Mama Immaculata alishuka taratibu. "Hiki kishikwambi kitaniua. Kwaya ikianza kuimba tu, kinaganda. Binti yangu Joséline ananiambia ninunue rauta. Dukani wana namba sita."

"Umeshainunua?"

"Bado."

"Mungu ni mwema," alisema Eustace, akavua kofia kidogo na kuirudisha.

Alikichukua kishikwambi, akakigeuza, akakigonga mgongoni kwa kidole na kukisikiliza.

"Hiki ni namba nne, mama. Kinataka rauta namba nne. Ukikipa namba sita inakizidi nguvu, betri inavimba, kioo kinapasuka. Ni kumlisha kande mtoto ambaye hajaota meno."

"Mbona dukani hawakuniambia?"

"Wao wanauza. Mimi natibu."

Akatoa rauta kwenye begi na kutaja bei. Mama Immaculata akamtazama vizuri.

"Mbona inaizidi hata hiyo namba sita?"

"Viwandani hawatengenezi tena. Wewe mchele wako wa mwaka jana unauzaje?"

Mchele wa mwaka jana unachambuka vizuri sufuriani, na kila mtu Majengo anajua kwamba yeye huuuza juu kuliko mpya. Hapo alishikwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Halafu kuna jambo lingine," Eustace alishusha sauti. "Jirani yako anatumia simu gani?"

"Skolastika? Ana simu mpya, kaletewa na mwanae."

"Hiyo ni namba sita. Haiwezi kuingia kwenye namba nne. Hata akilijua neno la siri, ataishia kuangalia tu."

Tumtendee haki mama Immaculata. Ni mtu mkarimu, jirani akiomba chumvi anapewa na kitunguu. Lakini bando ni kitu kingine, na wazo la Skolastika kukodoa macho nyuma ya ukuta huku yeye anaangalia kwaya lilimwingia tamu. Alilipa. Eustace alifunga mitambo, na kwa jinsi anavyolipenda jina lake, akauandika mtandao ule INJINIA EUSTACE, ili kila simu itakayopita jirani imwone. Alilihesabu kuwa tangazo la bure.

Wiki haikuisha. Mama Immaculata alikwenda kumsalimia Joséline, na wakati anasalimiana na wakwe, binti akakichukua kishikwambi na kukiunganisha na rauta yake ya namba sita. Mama aliporudi kukaa alikuta kwaya inaimba bila kuganda. Alikishika mgongoni, akangoja kivimbe. Hakikuvimba.

"Joséline, umekiua."

"Mama, nani kakudanganya? Namba kubwa inaongea na ndogo, na ndogo inaongea na kubwa. Zikikutana, zinaongea kwa kiwango cha ile ndogo, basi. Ila rauta ndogo ni ya polepole, na watu wakijaa inachoka. Ndiyo maana nilikwambia ununue kubwa. Hata kesho ukibadilisha kishikwambi, itakufaa."

Alirudi nyumbani. Skolastika alikuwa ukutani, simu mkononi, uso umejaa furaha.

"Jirani, asante kwa huyu Eustace wako. Nimeingia tangu juzi. Neno la siri si jina la mjukuu wako?"

Mama Immaculata alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mtu aliyeuza mchele Majengo miaka yote hiyo hapigi kelele barabarani. Alisonga ugali, akala, akapiga simu.

"Injinia, mwanangu, rauta imenifurahisha mno. Jumapili ni sikukuu ya mavuno kule kanisani kwetu, kigango cha Mwamkulu. Nataka niitoe sadaka ipigwe mnada, watu waione. Njoo uieleze."

Eustace alikaa wima kitandani. Kigango kizima kimekaa kwenye mabenchi, kimetoka kuuza mpunga, na boksi lake liko chini ya kitanda.

"Lakini bei ikiwa ndogo utaharibu soko lako," mama aliendelea. "Kwa hiyo uipandishe wewe, na mimi nakufuata. Ukiongeza, naongeza. Mwisho naichukua mimi. Watu wakishaona bei hiyo, Jumatatu watakupangia foleni mlangoni."

"Mama, wewe ungekuwa injinia," alisema Eustace, na alikuwa anamaanisha.

Jumapili alivaa suti, kofia ngumu kwapani, na hela ya fremu kwenye mfuko wa ndani, maana aliyeshika kipaza sauti cha mnada alikuwa mzee Manyanda mwenyewe na walikuwa wamalizane hapo hapo baada ya misa. Asubuhi walipoamkiana pale mlangoni alikuwa amejigonga kifuani na kumwambia, "Mzee wangu, mzigo huu hapa." Kauli hiyo tuiweke vizuri, tutaihitaji.

Waumini walileta matoleo yao altareni, na misa ilipokwisha mnada ukaanza. Alinunuliwa jogoo, kisha mkungu wa ndizi, kisha beberu aliyemburuza katekista mpaka karibu na kinanda. Wa mwisho alikuwa ndama. Ndipo rauta ikainuliwa, na Eustace akasimama kuieleza. Alieleza mpaka bibi mmoja akajifuta machozi.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza mzee Manyanda.

"Bei ya jogoo," alisema Eustace.

"Jogoo wawili," alisema mama Immaculata kutoka benchi la mbele.

"Beberu."

"Beberu na jogoo."

Watu walianza kugeuka. Hakuna aliyewahi kuona kitu kisicholiwa kikipanda hivyo. Eustace aliona midomo wazi, akaona Jumatatu yake, akaona mlango wenye jina. Akaingiza mkono mfukoni kwa madaha.

"Ndama," alisema.

Bei ya ndama ndiyo ilikuwa hela yote ya fremu, na zaidi ya hapo mfukoni mwake palikuwa na nauli ya bodaboda. Haikumtisha. Alimgeukia mama Immaculata na kungoja.

Mama Immaculata alikuwa amefungua mkoba wake, anatafuta kitu. Alitafuta kwa utulivu mkubwa.

"Ndama mara ya kwanza," alisema mzee Manyanda.

Eustace alikohoa. Mama alipata leso, akaikunjua.

"Ndama mara ya pili."

"Mama," Eustace alinong'ona kupita kichwa cha katekista. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini, mwanangu?" alisema mama Immaculata, bila kunong'ona. "Sema kwa sauti, na Padre asikie."

Padre aligeuza kichwa, akiwa na shauku ya kusikia. Eustace aliitoa kofia kwapani, akaanza kuifuta vumbi.

"Ndama mara ya tatu. Imekwenda kwa Injinia."

Vigelegele vilipigwa, ngoma ikaanza, na kwaya ikamfuata pale alipo na kumzunguka, kwa sababu kule mwenye kushinda mnada hasindikizwi kwa macho tu, anachezewa mpaka kwenye kapu la sadaka. Alifikiria kusema kwamba hela kaisahau nyumbani. Lakini mzee Manyanda alikuwa amesimama mbele yake na kipaza sauti, anatabasamu, na akamgonga kifuani palepale alipojigonga asubuhi.

"Mzigo si huu hapa, Injinia?"

Alitoa. Hela yote ya fremu iliingia kapuni, na roho ilimuuma kweli, si mzaha. Rauta aliyoiokota kwa bei ya chuma, akamuuzia mama wa watu, sasa ameinunua kwa bei ya ndama.

"Unaondoka nayo, au unaiachia nyumba ya Bwana?" aliuliza mzee Manyanda, na kanisa zima likamgeukia.

Eustace alikumbuka boksi chini ya kitanda. "Naiacha," alisema.

Nje alimkuta mama Immaculata anafunga kitenge vizuri kabla ya kupanda bodaboda.

"Na hela yako je, mama? Wewe nawe umepoteza."

"Hela yangu imefika kanisani, imepitia kwako tu. Mimi jana nimenunua namba sita." Akakaa vizuri. "Neno la siri nimebadilisha."

Fremu ilikwenda kwa fundi cherehani. Boksi bado lipo chini ya kitanda, kwani Mwamkulu nzima imeshajionea yenyewe kwamba simu yoyote inaingia popote, ila kwenye namba nne inaingia kwa kujivuta. Eustace alifungasha begi aondoke, ndipo katekista akampigia simu: mtambo umegoma, na yeye si ndiye mfadhili? Akaenda. Jumapili iliyofuata akapigiwa tena.

Maana jina la mtandao hakuna aliyelibadilisha. Kila simu inayovuka mlango wa kanisa lile inamwona INJINIA EUSTACE, na kila mtu ana neno la kusema juu yake. Eustace leo yuko polepole. Eustace anakataa kufungua picha. Eustace hafiki mabenchi ya nyuma, jambo lililomfurahisha Padre, kwani kwa mara ya kwanza waumini wanagombania kukaa mbele.

Jumapili iliyopita, katikati ya mazoezi ya kwaya, wimbo waliokuwa wanaufuatisha kwenye simu ulikatika.

"Eustace amekufa," alisema mwalimu wa kwaya.

Kwaya nzima ikageuka mlangoni alipokuwa amekaa, ikamtazama kwa imani ambayo hakuwahi kutazamwa nayo Sumbawanga wala Tabora. Eustace akavaa kofia yake ngumu, akapita katikati ya mabenchi, akaenda kujizima na kujiwasha tena.