Ombi la Kunyimwa Injini Mpya

Wagdi Abdel-Tawwab,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Nyumba ya mwisho, Uchochoro wa Tahina,
Kafr Abu Naim.

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Idara ya Leseni za Magari.

YAH: KUKATALIWA INJINI YA GARI LANGU, NA IKIWEZEKANA GIABOKSI PIA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na tafadhali usidhani nimekosea kuandika. Najua watu wanaokuja kwako huomba wakubaliwe. Mimi naomba nikataliwe, na ningependa nikataliwe kabla ya Alhamisi.

Mimi ni mmiliki wa gari aina ya 128, rangi ya dengu, la mwaka 1979. Mwezi uliopita nilimwita Fundi Girgis alitazame. Aliweka bisibisi kwenye injini, akaweka sikio kwenye bisibisi, akafumba macho kama anayesikiliza habari za msiba. Kisha akasema: "Mwalimu, nisikufiche. Moyo umechoka na magoti yamekwisha." Moyo ni injini, ambayo ringi zake zimelika, inakunywa oili kuliko petroli, na haikubali kuwaka kwa ufunguo mpaka isukumwe. Magoti ni giaboksi, ambayo ilipoteza gia ya rivasi miaka mitatu iliyopita na hatujaiona tena.

Mwanangu Hazim, anayefanya kazi Kuwait, akasikia. Sijui nani alimwambia, ila namshuku Girgis. Akanipigia simu: "Baba, hilo gari linatuaibisha. Nakuja likizo Alhamisi. Chagua kimoja, injini au giaboksi, nikuwekee. Kingine mwakani, Mungu akipenda." Ni kijana mwema, na nia yake ni safi. Ndiyo maana nakuja kwako, kwa sababu mwana mwenye nia safi hashitakiwi polisi.

Nimekaa na suala hili wiki tatu na nimeshindwa kuchagua. Sababu zangu ni hizi:

1. Uchochoro wetu umezibwa mwisho, hautokei upande wa pili. Una urefu wa hatua arobaini na mbili, nimezipima mwenyewe, na upana wa gari moja na paka mmoja. Naingia kwa pua. Kutoka, saa moja asubuhi, inabidi nitoke kinyumenyume, na rivasi sina. Hapo huja kundi la kwanza: Hajji Metwalli mpiga pasi na Mama Najati muuza maharage ya ful. Wao husukuma kwenye boneti mpaka gari lote liko barabarani. Likishageuzwa kuelekea stesheni, kundi la pili hupokea nyuma: Bayumi mchinjaji na Sabri kinyozi. Hao husukuma kwenye buti mpaka injini ikohoe, itukane, iwake. Kwa hiyo, Mheshimiwa, giaboksi mbovu inawapa kazi wawili na injini mbovu inawapa kazi wawili. Nikibadili injini, nimewafukuza Bayumi na Sabri. Nikibadili giaboksi, nimewafukuza Hajji na Mama Najati. Nilifundisha miaka thelathini na minne sikumfukuza mwanafunzi hata mmoja, pamoja na kwamba wengine walistahili.

2. Bayumi na Sabri ni watoto wa ndugu wawili na hawajasemeshana miaka kumi na mmoja. Njiwa jike wa Sabri aliruka akatua kwenye banda la Bayumi, juu ya paa, na Bayumi akasema aliyekuja kwa hiari yake harudishwi. Tangu siku hiyo wanazungumza kupitia buti la gari langu. Sabri huanza: "Ewe gari, mwambie huyo wa kulia kwamba anasukuma kama anampaka mtoto mafuta." Bayumi hujibu: "Ewe gari, mjibu kwamba mimi nanyanyua ng'ombe, yeye ananyanyua mkasi." Sabri hapo: "Ewe gari, kumbe wezi wa njiwa nao hujisifu!" Ni maneno matatu manne kila asubuhi, lakini ndiyo yote waliyo nayo. Mama yake Sabri alipolazwa, Bayumi alisikia habari hapo hapo kwenye buti. Kabla ya adhuhuri sufuria ya supu ya miguu ya ng'ombe ilikuwa mlangoni kwa Sabri, haina jina. Sasa nikuulize kwa heshima: injini mpya, hata iwe ya Kijapani, itaweza kazi hiyo?

3. Hajji Metwalli amesimama mbele ya pasi miaka arobaini, na presha ilikuwa inampanda hadi masikio yanalia. Tangu rivasi ife, imeshuka. Daktari alishangaa akamuuliza anatumia dawa gani mpya. Hajji akasema, "Nasukuma gari la Mwalimu." Daktari akaandika kwenye karatasi: aendelee. Atakayeweka giaboksi mpya naomba aende kwanza akaonane na huyo daktari.

4. Mama Najati hasukumi sana, kusema kweli. Anaamuru. "Haya, pamoja! Hajji, pumua! Mwalimu, kata usukani, kata! Ulikuwa unafundisha ramani au ulikuwa unafundisha usingizi?" Tangu nistaafu hakuna mwingine anayenigombeza, na sikujua kwamba mtu huweza kuona kiu ya kugombezwa mpaka nilipokosa.

5. Mwezi wa Shaabani alihamia kwetu mpangaji mpya, mhandisi, kijana mwenye miwani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaugua. Asubuhi ya tatu alitoka na kikombe chake, akatutazama, akasema kwa adabu kabisa: "Lakini Mwalimu, kwa nini usiligeuze barabarani jioni, likasukumwa ndani kwa matako? Asubuhi lingetoka kwa pua. Rivasi huihitaji." Hajji alitazama viatu vyake. Mama Najati ndiye aliyetuokoa: "Mwanangu, wewe mgeni. Kunywa chai yako itapoa." Nakutajia hili ili ujue kwamba hatukushindwa kufikiri. Tulifikiri siku ya kwanza kabisa, kila mtu kivyake, na kila mtu akafunga mdomo wake.

6. Utaniuliza, nawe una haki, safari hii ya kila siku ni ya kwenda wapi. Sitakudanganya kwenye barua rasmi. Naenda uwanja wa stesheni, mitaa mitatu kutoka kwangu. Nanunua gazeti bila kuzima injini, nazunguka uwanja mara moja, narudi. Gazeti silisomi. Nampa Mama Najati afungie kachori za taamia.

Mke wangu Ihsan alifariki miaka minne iliyopita, katika majira ya machungwa. Mwaka ule baada ya matanga hakuna aliyebisha mlangoni kwangu zaidi ya msoma mita ya umeme. Siwalaumu majirani, mjane mwanamume ni mtu mzito kumwamkia, hujui umwambie nini. Kisha asubuhi moja gari likagoma, nikawa nalisukuma peke yangu, nimeinama, na kidole kimoja hakivunji chawa. Nikasikia mlango wa Hajji umefunguka. Hakusema pole. Alisema, "Sogea huko, utaumia mgongo," akaweka mikono karibu na mikono yangu. Tangu siku hiyo sijabisha hodi kwa mtu wala sijabishiwa, kwa sababu saa moja inafika na wote wako nje wamekunja mikono ya shati. Siku ya Ijumaa gari halitoki. Ijumaa ni siku ndefu sana, Mheshimiwa.

Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vizuri. Sasa mkiniondolea dhiki, rafiki nitamjuaje?

Kwa hayo yote naomba idara yako ifanye yafuatayo. Kwanza, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye leseni na haibadilishwi bila muhuri wako, ukatae kuupiga muhuri huo. Sababu yoyote itafaa, hata kwamba wino umekwisha. Pili, giaboksi haina namba kwenye leseni, kwa hiyo mtu anaweza kuibadili bila ninyi kujua. Huu ni upungufu mkubwa wa sheria; naomba ipewe namba haraka ili nayo ipate kukataliwa. Tatu, itolewe amri kwamba katika Uchochoro wa Tahina hakuna gari kuegeshwa kwa kutanguliza matako, na mhandisi apewe nakala. Nne, ukiona inafaa, lianzishwe daraja jipya la leseni, kati ya gari na mkokoteni, kwa vyombo vinavyosukumwa na watu wanaopendana au wanaokaribia kupendana. Niko tayari kuwa wa kwanza kusajiliwa.

Nisalimie wafanyakazi wote wa idara, hasa yule bwana wa dirisha la tatu aliyenirudisha mara tano mwaka juzi. Nilikasirika wakati ule, sasa naona ni mtu wa kutegemewa. Hajji Metwalli anakusalimu. Mama Najati anakusalimu na anauliza kama umeshapata kifungua kinywa. Bayumi anakusalimu, na Sabri anakusalimu mbali na salamu za Bayumi.

Ni mimi, raia wako msukumwa,
Wagdi Abdel-Tawwab

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii sikuiwahisha posta. Hazim alifika Jumatano badala ya Alhamisi, na hakunisubiri nichague. Alileta vyote viwili, moyo na magoti, na yeye na Fundi Girgis wakashinda chini ya gari hadi Jumamosi alasiri. Sikumzuia. Mtoto alikuwa ameloa oili hadi nyusi, akicheka, na mara ya mwisho kumwona akicheka nyumbani mama yake alikuwa hai.

Jumapili saa moja nikageuza ufunguo mara moja, ikawaka. Nikaweka rivasi, ikaingia laini. Nikatoka uchochoroni peke yangu, hatua zote arobaini na mbili. Barabarani nikageuza gari, nikatazama kwenye kioo. Wote wanne walikuwa milangoni mwao na mikono ya shati imekunjwa, na hakuna aliyenipungia.

Nikazima injini. Nikashuka, nikawaambia limegoma.

Bayumi akaja. Akaweka kiganja juu ya boneti, ikiwa bado ya moto, na kila mtu alikuwa ameisikia ikinguruma muda si mrefu. Akanitazama. Kisha akageuka, akamtazama Sabri usoni, si buti, wala si mimi, akasema: "Sabri, limekufa kabisa hili. Njoo ushike upande wako." Na Sabri akasema, "Nakuja, Bayumi."

Kwa hiyo naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa salamu. Nimeambatisha chapa ya namba ya injini mpya, iliyosuguliwa kwa penseli kama mnavyotaka. Tafadhali piga muhuri upesi. Tunasukuma kila asubuhi mpaka stesheni sasa, maana wamesema pale kwenye kona lilipozoea kuwaka palikuwa karibu mno, na sipendi askari atukute tukisukuma gari zima lisilo na leseni.